Utitiri wa samadi na nzi wa bandani: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Samadi ya kuku iliyokaa vizuri ina wakazi wake. Kwenye sentimita chache za juu, hapo hapo nzi wa nyumbani anapotaga, huishi utitiri wa kahawia inayong'aa wenye urefu wa karibu milimita 1, kiasi sawa na yai la nzi lenyewe. Jina lake la kisayansi ni Macrocheles muscaedomesticae. Jike mmoja huweza kula hadi mayai 20 ya nzi kwa siku, na kwenye joto la Pwani kizazi kipya hutoka katika yai hadi ukubwani kwa siku 2 au 3 tu. Chini kidogo yake hukaa utitiri mwingine, wa mviringo na mwendo wa polepole kama kobe, Fuscuropoda vegetans, ambao hula funza wachanga. Pamoja nao yupo mbawakawa mweusi wa milimita 2 hadi 3, Carcinops pumilio, anayekula mayai na funza pia.

Utitiri huu hula mayai na funza wa hatua ya kwanza tu. Yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na funza hubaki mchanga kwa siku nyingine moja hivi. Akishavuka hapo, ngozi yake ni ngumu na mwili wake mkubwa mno kwa utitiri. Kwa hiyo kazi yote hufanyika ndani ya siku mbili, na utitiri lazima uwe umeshajaa kwenye samadi kabla nzi hajafika kutaga. Nzi wanapolipuka bandani, mara nyingi ni kwa sababu utitiri umezolewa kwa chepe, umezamishwa na maji au umeuawa kwa dawa. Kila chanzo kati ya hivyo kina dalili zake, na tiba ya kimoja huweza kuharibu kingine. Ndiyo maana inafaa kuangalia kwanza kabla ya kugusa chochote.

Angalia kabla ya kurekebisha

Vaa glavu. Chukua samadi ya sentimita 5 za juu kutoka sehemu tano tofauti chini ya keji, kikombe kimoja kila sehemu, ukichagua pembeni mwa marundo badala ya kileleni palipo na kinyesi cha leo. Mwaga kidogo kidogo kwenye trei nyeupe juani au chini ya taa na usubiri dakika mbili. Utitiri utaanza kukimbia kutafuta kivuli. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha.

Ukitaka hesabu ya uhakika, tengeneza faneli ya chupa. Kata chupa ya maji ya lita 1.5 sehemu ya juu, igeuze kichwa chini ndani ya kile kipande cha chini, na weka neti ya dirishani shingoni. Jaza samadi nusu ya faneli, ning'iniza balbu ya wati 40 sentimita 15 hivi juu yake, na chini weka spiriti kidogo. Baada ya saa 24 hadi 48 wadudu watakuwa wameukimbia ukavu na kuangukia chini. (Balbu za LED hazitoi joto la kutosha, tafuta balbu ya zamani, au tumia jua, lakini hapo itachukua muda mrefu zaidi.) Idadi peke yake haina maana kubwa. Linganisha wiki hii na wiki iliyopita katika banda lilelile.

Unyevu upime kwa mizani ya jikoni. Pima gramu 100, tandaza nyembamba juu ya bati, anika juani hadi uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 40, samadi yako ina unyevu wa asilimia 60. Kinyesi kibichi cha kuku wa mayai huanza na asilimia 75 hadi 80. Nzi hupenda kati ya 60 na 80; chini ya 50 funza wake huhangaika kukua. Utitiri na mbawakawa hustawi vizuri kati ya 50 na 65. Huna mizani? Finya konzi ya samadi: maji yakichuruzika kati ya vidole, imezidi sana, ikishikamana kama tonge bila kudondosha, uko karibu na 60, ikivunjikavunjika, uko pazuri.

Kwa nzi wenyewe tumia kadi nyeupe za ukubwa wa sentimita 7.5 kwa 12.5. Bandika zisizopungua 10 kwenye nguzo na dari, pale penye madoa meusi yanayoonyesha nzi hulala hapo. Ziache siku 7, kisha hesabu madoa. Kadi zikifikia wastani wa madoa 100 au zaidi kwa wiki, una tatizo la kushughulikia. Andika tarehe nyuma ya kila kadi na uzirudishe mahali palepale, la sivyo utakuwa unalinganisha nguzo na nguzo badala ya wiki na wiki.

Dalili: utitiri mwingi unakimbia kwenye samadi, na mtu anataka kupuliza dawa

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo kosa linaloua utitiri mwingi kuliko yote. Kwa Kiswahili neno utitiri humkumbusha mfugaji kitu kimoja tu: wadudu wanaonyonya kuku damu, wanaoshusha mayai na kuwasha mikono ya wafanyakazi. Akiinua koleo la samadi na kuona vidudu elfu vinakimbia, anakwenda dukani. Dawa inapigwa, utitiri mzuri unakufa, na wiki mbili baadaye nzi hawavumiliki.

Utitiri unaonyonya kuku hauishi ndani ya samadi. Ule mwekundu, Dermanyssus gallinae, hujificha mchana kwenye nyufa za mbao, viungo vya keji, chini ya viota na kwenye misumari, kisha usiku hupanda juu ya kuku. Ukiwa na njaa ni wa kijivu. Ukishiba unakuwa mwekundu. Jamii ya Ornithonyssus huishi juu ya kuku mwenyewe, hasa manyoya ya karibu na mkundu, ambayo huonekana machafu na yenye vidoti vyeusi. Utitiri wa samadi ni wa kahawia muda wote, hukimbia kasi, na hauna haja na damu ya kuku wala ya mtu.

Jaribio la dakika tano: usiku, saa mbili au tatu baada ya giza kuingia, nenda na tochi uangalie miguu ya kuku na vyuma vya keji. Pitisha kadi ngumu kwenye nyufa, kisha kandamiza unachopata kwa karatasi nyeupe ya tishu. Doa la damu mbichi maana yake una utitiri mwekundu. Rudia na wale wa kwenye samadi. Utapata majimaji ya kahawia, si damu.

Ukikuta aina zote mbili, tibu kuku na nyufa, siyo samadi. Kabla ya kupaka unga au kupuliza kwenye keji, tandika turubai au nailoni ngumu juu ya marundo ya samadi, fanya kazi, acha vumbi litulie saa moja, kisha kunja nailoni kwa ndani na uitoe nje. Ni kazi ya ziada ya nusu saa kwa safu moja ya keji. Kuacha unga udondoke kwenye samadi ni kuanza upya kwa miezi.

Dalili: nzi wanalipuka siku 10 hadi 14 baada ya kusafisha banda

Hii humkatisha mtu tamaa, kwani amefanya kazi ya kutoka jasho na matokeo yake ni kinyume. Sababu ni hesabu ya siku. Sakafu ikishakwanguliwa hadi saruji, kinyesi kipya huanza kujaa siku hiyohiyo: kuku 1,000 wa mayai hutoa kilo 100 hadi 120 kwa siku. Nzi hufika ndani ya saa chache, kila jike akitaga hadi mayai 150 kwa mkupuo. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, yai huwa nzi mzima kwa siku 7 hadi 10. Utitiri huja pia, kwa sababu majike yake hudandia matumbo ya nzi na kushuka kwenye kinyesi kipya, lakini huja wachache wachache. Mbawakawa ndiye mzito zaidi, kwani kizazi chake huchukua karibu mwezi. Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, au zaidi, nzi wana banda peke yao.

Kuna ratiba mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni kuzoa yote mara kwa mara, mara mbili kwa wiki na kamwe isizidi siku 7, bila kuacha kona hata moja, na kuipeleka samadi mahali pa kufunikwa. Hapo huhitaji utitiri, maana hakuna funza anayepata muda wa kuwa nzi. Ya pili ni kuiacha samadi ikae miezi, ikauke na ijae walinzi, yaani utitiri na mbawakawa. Ratiba mbaya kuliko zote ni ile inayoonekana ya kati na kati: kusafisha kila baada ya wiki 2, 3 au 4. Inampa nzi muda wa kutosha na kumnyima utitiri muda huohuo. Ukiwa kwenye ratiba hii, chagua upande.

Ukichagua kuiacha, siku ya kuzoa itafika tu. Izoe hivi:

1. Chagua majira ya baridi na ukavu. Kwa ukanda wa Pwani ni kipupwe, Juni hadi Agosti, nzi wanapokua polepole. Usiguse marundo wakati wa masika.
2. Kwenye banda lenye safu nne za keji, zoa safu ya 1 na ya 3. Ziache ya 2 na ya 4 wiki 3 au zaidi, kisha zoa hizo.
3. Hata kwenye safu unayozoa, usifike kwenye saruji. Acha tandiko la sentimita 10 hadi 15 la samadi ya zamani iliyokauka. Litanyonya maji ya kinyesi kipya na ndimo utitiri na mbawakawa watakamobaki.
4. Samadi inayotoka irundike mbali na banda, ifunike kwa nailoni na kuzika kingo zake kwa udongo, wiki 2 hadi 3. Joto la ndani likipita nyuzi 50 za Selsiasi funza na pupa (vifuko ambamo funza hugeuka nzi) hufa. Ukiiacha wazi shambani ikiwa mbichi, umehamisha nzi tu.

Ikiwa banda tayari limekwanguliwa, tandaza maranda au pumba za mpunga zilizo kavu, unene wa sentimita 5, kisha mwaga samadi ya zamani yenye utitiri: ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 5 za safu, iliyochukuliwa kwenye sentimita 10 za juu. Ndoo hiyo itoke kwenye banda lako lingine lenye kuku wazima. Usikubali samadi ya jirani hata akiitoa bure. Kideri, salmonela na vimelea vya kuhara damu husafiri humo, na hakuna utitiri unaofaa kulipiwa bei hiyo. Kama huna banda lingine, subiri: nzi watauleta.

Dalili: samadi ni uji, funza wanene wamejaa, utitiri hauonekani

Utitiri huvuta hewa kupitia matundu madogo ya mwilini na hutembea kwenye mianya kati ya chembe za samadi. Samadi ikiwa uji, mianya hiyo hujaa maji. Funza wa nzi yeye hupumua kwa mkia, akiuinua juu ya majimaji huku kichwa kikila chini, kwa hiyo uji ni starehe yake.

Usianze na kukausha samadi. Anza na kutafuta maji yanatoka wapi. Tembea chini ya safu asubuhi na mapema na uangalie umbo la marundo. Samadi nzuri chini ya keji hujijenga koni, na koni hukauka pande zote. Palipo na rundo lililobomoka na kutandaa kama chapati, inua macho juu yake: karibu kila mara utakuta chuchu ya maji, kile kinyweo cha kuku kwenye bomba, inayovuja. Tone moja kwa sekunde linaonekana dogo, lakini ni lita 4 na zaidi kwa siku, kinyesi kibichi chote cha kuku 40 kwa uzito, na ni maji matupu. Safisha pini na mpira wake. Kama bado inavuja badilisha. Angalia pia mgandamizo wa bomba: tangi likiwekwa juu kupita kiasi, chuchu nzima nzima huvuja pamoja. Kimo cha chuchu kiwe juu kidogo ya kichwa ili kuku anyooshe shingo, la sivyo maji humwagika pembeni ya mdomo.

Kama chuchu ni nzima na uji umeenea banda zima kwa usawa, maji yanapitia ndani ya kuku. Sababu za kawaida ni chumvi nyingi kwenye chakula (hasa kinachochanganywa nyumbani kwa dagaa wenye chumvi), protini iliyozidi, kuhara kwa ugonjwa, au joto kali. Kuku wa mayai hunywa kama mililita 200 hadi 250 kwa siku kwenye hali ya hewa ya wastani, na siku za joto kali anaweza kuongeza hadi maradufu. Kuhara muone daktari wa mifugo. Joto liondoe kwa hewa: kata nyasi na vichaka vinavyoziba waya za pembeni, inua mapazia mchana, na hakikisha paa limetokeza nje vya kutosha kuzuia mvua ya upepo isipige marundo ya safu ya mwisho.

Baada ya kuziba chanzo, toa uji wa eneo lile peke yake na weka maranda makavu. Usivunje koni nzuri za jirani wala usizigeuze kwa reki. Kugeuza huleta unyevu wa ndani juu, hufukia utitiri na kufungua harufu inayomwita nzi.

Kuhusu chokaa: wengi huimwaga juu ya uji. Hukausha uso kwa siku chache, lakini hupandisha alkali ya samadi na kuifanya itoe amonia nyingi, ambayo huchoma macho ya kuku na kupoteza naitrojeni ya mbolea uliyokusudia kuiuza. Maranda ni bora.

Dalili: unyevu uko sawa, samadi ina miezi, lakini utitiri hakuna

Hapa mtuhumiwa ni dawa. Uliza nini kimepulizwa, wapi na lini, ukirudi nyuma miezi mitatu.

Dawa za kuua wadudu za jamii ya pairethroidi zikipigwa juu ya samadi huua utitiri na Carcinops bila kuchagua. Funza wengi waliozama chini hupona, na nzi wa maeneo mengi wameshajenga usugu dhidi ya dawa hizo. Walinzi wamekufa, adui kabaki. Ndiyo maana dawa ile iliyofanya kazi vizuri mara ya kwanza huonekana kuleta nzi wengi zaidi mara ya tatu.

Kwenye mazizi ya ng'ombe kuna njia ambayo haitiliwi maanani: dawa ya kupe. Kupe na utitiri ni ndugu, wote wa jamii ya wenye miguu minane, na dawa iliyotengenezwa kumuua kupe, kama amitrazi, imetengenezwa kuua jamii hiyo. Ng'ombe wakiogeshwa kwa bomba la mgongoni ndani ya zizi kila wiki, maji yanayochuruzika hushuka moja kwa moja kwenye samadi, na mabaki ya bomba humwagwa kwenye rundo kwa sababu ni jirani. Ogeshea ng'ombe kwenye sehemu maalumu yenye sakafu na mfereji wake, mbali na zizi na mbali na chanzo cha maji. Waache wakauke hapo dakika 15 hadi 20 kabla ya kuwarudisha. Usipunguze kuogesha kwa ajili ya utitiri. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, inaua ng'ombe. Nzi mara nyingi hawaui.

Aivamektini ya sindano, dawa ya minyoo na vimelea vya ngozi, hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa na huathiri wadudu wanaozaliana humo, wakiwemo mbawakawa wanaofukia kinyesi. Tumia kwa ng'ombe anayeihitaji, na kinyesi chake cha wiki hizo kirundikwe pembeni.

Ikibidi kupunguza nzi wazima, kuna njia zisizogusa samadi. Puliza dari, nguzo na nyaya walalapo usiku, siyo chini. Chambo cha sukari chenye sumu kiwekwe kwenye vyombo vilivyoning'inizwa mahali kuku na watoto hawafiki. Siromazini, dawa inayozuia funza kubadilika, haiudhuru sana utitiri wala mbawakawa. Ikitumika kwa kuku wa mayai, fuata kibandiko na ushauri wa daktari kuhusu kipimo na mabaki kwenye mayai. Unga wa diatomu una sifa ya kuwa wa asili, lakini hukausha kila mdudu mwenye gamba, utitiri wa samadi ukiwemo. Usiutie kwenye marundo.

Dalili: utitiri upo tele, na funza wakubwa nao wapo

Angalia kama funza wametawanyika au wako sehemu moja. Wakiwa sehemu moja, umepata uvujaji. Rudi kwenye chuchu za maji. Wakiwa wametawanyika, huenda ni kundi lililopita dirisha lile la siku mbili kabla utitiri haujawa wa kutosha. Subiri siku 7 na uhesabu kadi tena. Kama madoa yanashuka, usifanye lolote. Kutofanya lolote ni kugumu kuliko kupiga dawa, tunajua, lakini hapa ndipo wengi huharibu.

Kusanya pia pupa, vile vifuko vya kahawia vyenye umbo la punje ya mchele, kwenye sehemu kavu za pembeni. Kilichofunguka mwishoni kama kifuniko kimetoa nzi. Chenye tundu dogo la duara ubavuni kimetoa nyigu mdogo wa jamii ya Spalangia au Muscidifurax, ambaye hutaga ndani ya pupa na mtoto wake humla nzi. Nyigu hawa hawaumi watu. Wingi wa matundu hayo ni dalili kwamba hata funza waliomponyoka utitiri wanakamatwa mbele.

Usimchanganye Carcinops na mbawakawa mweusi wa maranda, Alphitobius diaperinus. Carcinops ni mviringo, mgumu, anang'aa, hazidi milimita 3. Alphitobius ni mrefu, karibu milimita 6, huchimba mbao na insulesheni na hubeba magonjwa. Mmoja wa kuhifadhi, mwingine wa kudhibiti.

Dalili: nzi wanaonekana na vijipu vya kahawia tumboni

Ni majike ya utitiri yakisafiri. Samadi waliyotoka inakauka au inazeeka, nao wanahamia penye kinyesi kipya. Huhitaji kufanya chochote.

Dalili: funza wakubwa bapa wa rangi ya udongo, samadi nyeusi ya kuteleza

Hao ni wa nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ambaye wafugaji wengi wa Afrika Mashariki humfuga kwa makusudi kwa chakula cha kuku na samaki. Wakiwa wengi, nzi wa nyumbani hatagi hapo. Lakini huigeuza samadi kuwa rojo, na utitiri hukosa pa kuishi. Chini ya keji zilizo juu, penye sakafu ya saruji na mfereji, unaweza kuwaacha. Penye sakafu ya udongo rojo litapita chini ya ukuta na kumomonyoa msingi. Punguza unyevu nao watapungua wenyewe. Mfumo mmoja kwa banda moja.

Zizi la ng'ombe wa maziwa

Kinyesi cha ng'ombe kikichanganyika na mkojo na maji ya kuoshea huwa tope, na kwenye tope hakuna utitiri. Kitenge kigumu na majimaji: sakafu iwe na mteremko wa kama sentimita 3 kwa kila mita, mkojo uende kwenye shimo lake, kinyesi kikwanguliwe kikavu kabla ya kumwaga maji. Kigumu kirundikwe chini ya paa, kwenye marundo mawili: moja la kuongezea, jingine la kuiva bila kuguswa. Rundo linaloiva ndilo kitalu cha utitiri. Mwenye mtambo wa biogesi na alishe kinyesi kila siku. Kikishaingia kwenye mtambo nzi hana pa kutaga.

Nzi wanaong'ata miguu ya ng'ombe, Stomoxys calcitrans, mara nyingi hawatoki kwenye rundo la samadi. Hutoka kwenye majani yaliyooza chini ya hori, matandiko ya ndama yaliyolowa mkojo na mabaki ya sileji. Fukua kwa vidole pembezoni mwa hori na ndani ya banda la ndama. Matandiko ya ndama yabadilishwe kila wiki, au mapema zaidi yakilowa, na kilichoondolewa kifunikwe.

Dalili: samadi haina funza kabisa, lakini nzi wapo

Basi hawazaliwi kwenye samadi. Angalia shimo la kutupia kuku waliokufa, ndoo ya mayai yaliyovunjika, chakula kilicholowa chini ya trei, utumbo baada ya kuchinja, na choo cha shimo cha wafanyakazi kisicho na mfuniko. Kuku waliokufa watolewe kila siku na kuzikwa mita 1 kwenda chini au kuchomwa. Kama vyote hivyo ni safi, tembea upande upepo unakotokea: nzi husafiri kilomita kadhaa, na banda la jirani lililokwanguliwa wiki mbili zilizopita linaweza kuwa ndilo linalowalisha wako. Nenda na kadi zako zenye tarehe mkazungumze.